Shamba la Marehemu Limepata Mfuko Wake

Tabora, nyumbani kwa Rehema

Kwako mdogo wangu Mwanahawa,

Marahaba. Najua ungeniamkia, basi shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, tusimalize karatasi. Mguu vipi? Usiniambie mzima, maana mara ya mwisho uliniambia mzima huku unatembea umeshika ukuta. Nenda zahanati wakutazame, uache kujichua mafuta ya taa kama gari bovu. Mimi sijambo. Kifua kilinibana na vumbi la huku, sasa kimeachia. Chakula kipo, ila mboga zao hazijui nazi, na ukiiulizia sokoni unaletewa kadude kamekauka, bei yake unaona haya kuitaja.

Nakuandikia kwa mkono wangu, mwandiko wa darasa la ngumbaro unaujua, usinicheke. Simu ninayo, lakini wewe ukipigiwa unaweka sauti kubwa nyumba nzima isikilize, na mwanao Selemani yumo humo humo. Habari hii uisome peke yako kwanza, halafu ndiyo umwambie.

Habari yenyewe ni ya shamba. Uliniambia msimu uliopita kwamba mikorosho ya marehemu mwanangu imezama kwenye majani, Rehema hakuleta hela ya palizi wala ya salfa ya kupulizia, na mwaka huu asipoleta tena utamkabidhi Selemani liwe lake. Niliumia, Mwanahawa. Mikorosho ile mwanangu aliipanda kwa mikono yake, akiwa na mimba ya huyo huyo Rehema. Lakini sikukujibu, kwa kuwa ulisema kweli. Nikasema nikija huku kwa mjukuu wangu nitatazama mwenyewe hela ya korosho inapotelea wapi.

Nikatazama. Haiibwi. Rehema ni muuguzi, mumewe Shabani ni mwalimu, hakuna mlevi wala mhuni. Kosa lao ni kwamba hela ya korosho ikitoka mnadani inamwagwa palepale ulipo mshahara, halafu inaliwa kama mshahara. Mara bati, mara ada, mara matairi ya pikipiki. Palizi ikifika, kila mmoja anamtazama mwenzake. Na wao wakigombana wanagombana kisomi, hawapigi kelele, wanafunga milango.

Sasa wana kompyuta ya nyumbani, kubwa, ya kukaa mezani. Waliinunua imeshatumika, lakini Rehema ameifunikia kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Shabani akasema watafute programu ya hesabu za nyumba, ukiingiza hela unaiandika humo, ukitoa unaandika, yenyewe inajumlisha. Nikawauliza watu wazima wawili wenye vichwa vyenu mnataka kukumbushwa na sanduku? Wakanijibu kwa adabu kwamba Bibi utaona. Mwalimu mwenziwe Shabani, wa hesabu, akawaletea programu za namna tatu wazijaribu kabla hawajachagua.

Ya kwanza Shabani aliipenda kuliko chakula. Ina rangi, ina duara limekatwa vipande kama keki, kipande cha chakula, kipande cha nauli, kipande cha ada. Wakakaa nayo mwezi mzima. Mwisho wa mwezi kipande kimoja kikawa chekundu, na Shabani akatusomea kwa uso wa mashaka kwamba programu inatuonya, nyumba hii inatumia sana kwenye burudani, tujizuie.

Nikauliza burudani ipi, na hapa hata redio haina betri? Akafungua ndani. Ni mchango wa unyago wa mjukuu wako Tatu. Zile khanga, ule mchele, na zawadi ya kungwi aliyemfunda. Programu haikuwa na mahali pa unyago, wala haikukubali uandike jina lako mwenyewe, basi Shabani akatafuta, akaona panapofanana ni kwenye burudani, kwa kuwa watu wanapiga ngoma na kucheza.

Nilimsema mpaka akavua miwani. Nikamwambia mtoto wa kike anatolewa ndani, ukoo umekaa, wewe unamweka kapu moja na sinema? Akaniomba radhi, na alikuwa hajui, kwao mambo yanakwenda vingine. Lakini kutojua kwake kulitufaa, kwa sababu Rehema kuanzia siku ile hakuitazama tena rangi.

Hapo ndipo nataka umsikilize mtoto tuliyemlea mimi na wewe. Alikuwa akitoka kazini, hata sare hajavua, anakaa mbele ya kile kioo na kuijaribu programu kama anavyojaribu embe sokoni mtu asiyetaka kupunjwa. Akaiandikia mwaka mzima wa shamba, palizi, salfa, wapuliziaji, kuokota, magunia, mnada. Ya rangi ikamuuliza kila mwezi anapata kiasi gani. Korosho inaleta hela kila mwezi? Tena ile bila bando haifunguki, na ina malipo yasiyokoma. Akaitoa. Ya pili haikutaka bando, lakini nayo majina imeshikilia yake tu, na hela zote inazitia chungu kimoja. Akaitoa pia.

Ya tatu ina sura mbaya, rangi ya uji. Hailipiwi, haidai mtandao, na unaandika majina unayotaka kwa Kiswahili chako. Kubwa zaidi, unafungua mifuko humo ndani, kila hela na mfuko wake, na ukitaka kuchota wa palizi ukanunulie soda, inakuuliza unachota wapi unapeleka wapi, na inabaki imeandikwa kwamba ulichota. Rehema akafungua mfuko wa msiba, mfuko wa unyago, na mmoja akauita Shamba la Mama.

Shabani hakuupenda huo wa mwisho. Si mtu mbaya, nakwambia, lakini kwao hela ya mke na ya mume ni moja na mwenye kuishika ni mume. Akaweka kikombe chini, akasema, "Rehema, mke wangu, kwa nini uwe na mfuko wako ndani ya nyumba yangu?"

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Ulimi uliniwasha, lakini nikaukunja, nione atasema nini mwenyewe.

Rehema hakupandisha sauti. Akamwambia, "Niliyeolewa ni mimi. Shamba la mama halikuolewa."

Basi.

Mwanahawa, ule mchele sikuumaliza. Mtoto ameondoka kwetu Rutamba bado mdogo, akasoma bweni, akafanya kazi kwa watu, nikadhani mji umemwosha umemmaliza. Sikumfundisha neno lile, wala hakuna aliyemnong'oneza. Limo ndani yake. Nilijifunika khanga usoni wasinione, maana sitaki wazoee.

Siku ile na iliyofuata Shabani alikula, akashukuru, akaenda zake. Nikasema sasa ataichomoa hiyo kompyuta airudishe alikoinunua. Kumbe mwenzangu alikuwa anafikiri. Siku ya tatu, tunakunywa uji, akamuuliza Rehema kama inawezekana kufungua mfuko mwingine, wa mama yake, ambaye nyumba yake kijijini imetoboka paa na kila mwezi hela ya bati inaliwa hapa mjini. Rehema akamfungulia, akamwachia aandike jina mwenyewe. Akaandika Paa la Mama. Nikamwambia sasa umeanza kuwa mtu mzima, na ndevu zako zina maana. Akacheka, na ile milango tangu hapo inafungwa kwa upepo tu.

Waliniuliza na mimi kama nataka mfuko. Nikakataa. Hela yangu inakaa kwenye pindo la khanga na haihitaji umeme.

Basi korosho zilipouzwa, hela ilikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wake. Pakatokea hamu ya friji. Wakaja marafiki na shida zao. Pikipiki nayo ikaharibika, Shabani akaenda kazini kwa miguu na hakuutaja ule mfuko hata kwa mzaha, kwa hilo nampa heshima yake. Kila Ijumaa namfungulisha Rehema nione. Kiingereza sijui, tarakimu nazijua, na haijapungua.

Kwa hiyo shamba usimkabidhi mtu. Hela ya palizi Rehema atakutumia kwenye simu yako wewe, wiki hii, na ya salfa itafuata wakati wake. Selemani mwambie taratibu, usimfokee, na yeye ni mtoto wetu. Mwambie mwenye shamba hajafa na hajasahau, ila anaomba mjomba wake awe msimamizi, atalipwa, na malipo yake yameshatengwa. Akinuna, mwache anune, atakula tu.

Nisalimie kaka yetu mkubwa Athumani, mwambie ndevu ni sunna lakini na sabuni nayo ipo. Nisalimie wifi yetu wa Tingi akija. Kungwi wa Tatu mpe mkono wangu, na Tatu mwenyewe mwambie nasikia amefundwa vizuri, nikija nitahakikisha. Rehema na Shabani wanakuamkia wote wawili.

Na hao vibarua wa palizi, Mwanahawa, wasianzie kule bondeni kama kawaida yao. Waanzie upande wa barabarani, wang'oe mpaka udongo uonekane mwekundu. Wale waliokuwa wakipita wakisema mikorosho ya marehemu imekosa mwenyewe, wapite sasa.

Mimi dada yako,
Somoe,
bibi yake mwenye shamba.