Mahali pa Kuweka Kinu

Jumatatu, 6 Mei

Tumefika Accra! Mimi, binti yangu Dufie, masanduku mawili, kinu na mchi wake. Utingo alitaka kinu kikae juu ya basi. Nikamwambia, baba, hiki kimemlea mtaalamu wa maabara, hakipandi juu kama mbuzi. Kikakaa ndani. Dufie alijifanya amelala.

Tumefikia kwa binamu yangu Mansa, huku Madina. Ana chumba kimoja, mdomo wa vyumba sita. Kaniuliza, "Dada Kyeraa, kwani Accra hakuna vinu?" Vipo. Changu hakikuwepo.

Jumatatu ijayo mwanangu anaanza kazi hospitali. Atapima damu za watu kwa hadubini — neno hilo nimelijua kabla ya mke wa mchungaji! Kwa hiyo tuna wiki moja ya kumpatia mtaa wa kuishi. Kina mama wa kanisa kule Techiman nimeshawatangazia: atakaa mtaa wenye geti na maua. Nilisema mbele ya watu kumi na wanne. Sirudi nyuma.

Jumanne, 7 Mei

Dalali wetu ni Nii Okai, Mga, kabila la wenyeji wa hapa hapa mjini, kiatu kimechongoka kama sindano. Kauliza, mama, mnataka mtaa wa namna gani? Dufie kajibu, karibu na kazini. Mimi nikajibu, wenye geti. Tulijibu kwa pamoja. Akacheka, kumbe anatafutia watu wawili.

Leo katuonyesha nyumba ya Dufie. Iko Teshie, si mbali na bahari. Vyumba vimezunguka ua mmoja, familia tano, bomba moja. Mwenye nyumba, Anti Korkoi, anakaanga samaki mlangoni. Kutoka hapo hadi hospitali ni robo saa kwa miguu. Dufie kafungua dirisha la chumba, kalifunga, kalifungua tena. Namjua huyo. Amependa.

Mimi nikatega sikio. Ilikuwa saa kumi jioni, na — kimya! Kwetu Techiman saa kumi kila ua unatwanga fufu, donge letu la muhogo na ndizi, mpaka kuku wamezoea. Hapa hata mchi mmoja. Nikamuuliza Nii Okai kulikoni. Akasema, mama, hapa wamefunga kelele. Mwezi mzima ni kimya, mpaka mahindi ya sikukuu yaote kwa utulivu. Ndiyo mila yetu. Ukikaidi, wanakuja kuchukua hicho unachopigia.

Kuchukua! Kinu cha mama yangu!

Sikuuliza zaidi. Teshie basi.

Jumatano, 8 Mei

Leo ndiyo leo. Mtaa wa geti, huko juu kupita Adenta. Maua mpaka kwenye kona. Mlinzi kanipigia saluti, nami nikampigia. Marumaru zinang'aa, unajiona hadi meno. Nimepiga picha kumi na moja nikazirusha kwenye kikundi cha kina mama. Nusu saa nzima hakuna aliyejibu. Wivu huo.

Dufie kauliza hospitali ni mbali kiasi gani. Nii Okai kakuna shingo. Kwa foleni za asubuhi, labda atoke saa kumi alfajiri. Nikasema kijana haogopi kuamka.

Kisha nikauliza pa kutwangia fufu. Mlinzi kasema, "Hairuhusiwi, mama. Marumaru zinapasuka. Wakazi wa hapa wanakoroga ya unga wa pakiti." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tulipokuwa tunatoka, dada mmoja ndani ya gari nimemsalimia. Kapandisha kioo.

Lakini geti ni geti. Nikamwambia Dufie, ni hapa hapa. Kajibu, "Sawa, Mama." Ile sawa aliyoitoa nilipomnunulia viatu vya shule vikubwa namba mbili.

Alhamisi, 9 Mei

Kina mama wamejibu. Hongera, hongera. Halafu watatu wameuliza swali moja: sasa fufu atatwangia wapi?

Watatu!

Mansa naye kadakia. "Mtoto atatoka gizani, atarudi gizani, atakoroga unga wa pakiti. Atakula na nani? Na mlinzi?" Nikamwambia asage karanga anyamaze.

Ila nimefikiria. Mimi Jumanne ijayo narudi Techiman. Atakula na nani?

Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda Teshie peke yangu. Nimewaambia nilisahau mwavuli kule. Mwavuli ulikuwa chini ya kitanda.

Anti Korkoi alikuwa anafunga madonge ya kenkey, unga wa mahindi uliochachushwa, kwenye maganda ya mahindi, mikono inakwenda yenyewe. Nikamuuliza, mwezi huu wa kufunga kelele, sisi tunaokula fufu mnatufanyaje? Hakuelewa. Nikamweleza habari ya kuchukuliwa kinu. Mama wee! Alicheka mpaka donge likamtoka mkononi.

"Dada yangu, wanachochukua ni ngoma! Ngoma na maspika! Nani kakwambia miungu yetu inagombana na chakula?"

"Sasa mbona kimya saa kumi?"

"Kwa sababu sisi tunakula kenkey! Mtwangaji wetu alihama mwaka jana. Tangu siku hiyo hawa watoto wakikosa fufu wananilaumu mimi."

Kanishika mkono, kanipeleka nyuma ya bomba. Pale pana duara ardhini, pameshindiliwa, alama ya kinu cha yule aliyehama. Nimesimama juu yake nikakanyaga kwa kisigino. Ngumu! Haikutikisika hata kidogo.

Watu wanne wamenisalimia kabla sijaondoka. Mmoja kanisalimia mara mbili. Anti Korkoi kauliza mwanangu anafanya kazi gani, nikamweleza kuanzia chekechea. Kasikiliza mpaka cheti! Hata kaita jirani, "Njoo umsikie huyu." Nikarudia yote.

Nimekuwa mjinga siku tatu nzima. Hili naliandika hapa tu, Mansa asilione.

Jumamosi, 11 Mei

Niko Teshie. Kinu kiko kwenye duara lake, nimekileta kwa teksi Dufie akiwa saluni. Muhogo na ndizi vinachemka. Supu ya Anti Korkoi, samaki na bilinganya, inanukia mpaka barabarani. Naandika nimekalia ndoo.

Nilimpigia Dufie, njoo Teshie saa kumi. Kasema, "Mama, mimi asubuhi nimemwambia Nii Okai tunachukua ya geti. Nilitaka ufurahi. Atapiga kabla ya saa kumi na moja kupata jibu la mwisho."

Nimemlea vizuri kupita kiasi, hilo ndilo tatizo.

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumwambia achana na geti, achana na maua, kina mama nitajua la kuwaambia. Lakini nikajiuliza: viatu nilichagua mimi, shule mimi, hata hadubini nilianza kuisema mimi. Nikasema tu, njoo ule. Anti Korkoi kaniambia, kumbe na wewe umefungiwa kelele! Nimefungiwa kweli. Leo atasema mwenyewe.

Saa kumi kasoro. Muhogo umeiva. Watoto watano wamepanga bakuli na hakuna aliyewaita.

Huyo! Anaingia uani. Nywele zimependeza, mtoto wa nani huyo! Hajaja kwangu. Amemwendea kwanza Anti Korkoi, anamsalimia — kwa Kiga, lugha yao! Amejifunza lini? Anti Korkoi anamjibu, anamsahihisha neno, wanacheka wawili.

Sasa ameona kinu. Ananitazama. Mimi naandika tu, kama mtu anayeandika orodha ya sokoni.

Simu yake inalia. Ni dalali, nani mwingine. Anaitazama. Ameiweka juu ya ukingo wa bomba, inalia na kutetemeka. Sisemi kitu. Sisemi kitu! Amekunja mikono ya gauni. Anavuta kigoda upande wa mgeuzaji, yule anayegeuza fufu kinuni kila mchi unapopanda, anachovya mkono wa kulia kwenye maji —

"Mama, muhogo unapoa."

Simu bado inalia. Naweka kalamu, mchi unataka mikono miwili.