Siku Shomari Alipofungiwa Nyuma ya Nondo Zake

Maili Moja, Kibaha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka juu ya kabati pamoja na zile nyingine? Sisi huku wazima. Zainabu ameng'oka jino la mbele na anacheka hovyo ili watu waone pengo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unasema "haya mwanangu, salio litakwisha" kabla sijafika kwenye habari yenyewe. Mjomba Rajabu, wewe unayemsomea, usiruke kitu.

Mama, mwezi uliopita jiko la jirani yetu liliungua, mtungi wa gesi ulikuwa unavuja. Alhamdulillahi hakuumia mtu. Wiki hiyohiyo watu wa zimamoto wakaja kutufundisha pale hospitali ya Tumbi ninapopika. Wakasema kila nyumba iwe na njia mbili za kutokea, iwe na mahali pa kukutania nje ili watu wahesabiane, na mfanye mazoezi mapema, maana moto ukiwaka akili hukimbia kabla ya miguu.

Nikarudi nyumbani nikahesabu njia zetu. Moja. Mlango wa uani Shomari aliuchomelea kabisa mwaka ule tulioibiwa kuku. Madirisha nayo unamjua mkweo, fundi wa mageti, nondo zake nene kama kidole gumba. "Nyumba hii hata tembo haingii," husema. Nikamwuliza, "Na sisi tutatokaje?" Akanijibu, "Tutoke twende wapi?"

Jumapili baada ya chakula cha mchana nikawaeleza wote: nikipiga sufuria, kila mtu atoke, tukutane kwenye mpapai. Shomari akajinyoosha kwenye kochi. "Mimi hesabuni kwamba niko kazini," akasema.

Nikapiga. Zainabu akatoka mbio, nami nyuma yake. Mama mkwe hatoki. Nikapiga tena. Kumbe alikuwa anatafuta khanga inayokwenda na blauzi yake, kwa sababu hawezi kukimbia moto mbele za watu akiwa hovyo. Hatimaye akatoka na redio, msala wake, na kuku mmoja kwapani. Kisha, kwa mazoea yake ya kuogopa wezi, akauvuta mlango wa nondo na kubana kufuli. Ka!

"Mama! Umemfungia Shomari!"

"Si amesema yuko kazini?"

Kufuli lile Shomari alilizungushia chuma lisikatwe, ufunguo wake ni mmoja tu, na alikuwa ameusahau karakana. Mwenzake alikuwa ameifunga karakana, amekwenda harusini Mlandizi. Mama mkwe alipoelewa hivyo, hofu ya kweli ikamwingia, akapiga yowe: "Moto! Mwanangu yuko ndani!" Nikasema hakuna moto, lakini nani anisikie? Majirani wakaja na ndoo. Shomari akasogea dirishani awaeleze. Ndoo ya kwanza ikampata usoni, ya pili kifuani.

Ikabidi aitwe Hamisi, fundi mshindani wake wa ng'ambo ya barabara. Akaja na mashine ya kukatia chuma, akazigonga nondo za dirisha kwa kidole. "Shomari, kazi nzuri hii," akasema. "Siku nyingi nilitaka kuiona kwa karibu." Diski ya kwanza ikaisha, akaweka ya pili. Watu wakaleta viti. Adhana ya alasiri ilikuwa imepita zamani Shomari alipotoka, kichwa kwanza, suruali ikanasa, wakashangilia.

Mimi nilingoja agombe. Hakugomba. Aliketi ameegemea ukuta, shati bado bichi, akamwangalia Zainabu.

"Mama Zainabu," akaniambia polepole, "huyu analala chumba cha nyuma. Nimezitikisa zile nondo, mke wangu, nimezitikisa kwa nguvu zangu zote. Najua hazitoki. Nimezitengeneza mwenyewe."

Kesho yake hakwenda kazini. Alifungua mlango wa uani, na kila dirisha la chumba cha kulala akalitilia kijilango chenye komeo la ndani, hata Zainabu analifungua. Tumeshafanya mazoezi mara tatu. Mama mkwe sasa anatoka wa kwanza, ila kuku hakubali kumwacha.

Sasa mama, sababu hasa ya barua hii. Nondo za madirisha yako alikuwekea yeye mwaka tuliooana, nawe ukawaita wanawake wa mtaa mzima waje waone. Anaona haya kukwambia. Jumamosi atakuja huko Kisarawe na vifaa vyake. Mjomba asogeze lile kabati lililoziba mlango wa nyuma. Najua utasema Kibaha si Uarabuni, ukiniita nitafika. Lakini ni magari mawili, mama, nawe na goti lile. Moto hautanisubiri.

Nisalimie shangazi Mwanaidi wa vitumbua, mdogo wangu Salumu na mihogo yake, na mke wa imamu aliyeniozesha kwa maneno yake matamu. Mjomba, salamu zako ni hizi, usijiruke.

Na Shomari akisimama mbele ya dirisha lako akashindwa kusema, wewe mwambie tu kwamba nondo zake ni nzuri, hujapata kuona mfano wake. Kisha mwache akate.

Mwanao akupendaye,
Tatu