Watu Thelathini na Mmoja Walioiona Zohali

Ijumaa, 6 Julai

Usiku wa Nyota tena, juu ya paa la maktaba. Mwenyekiti wa chama chetu kahutubia dakika arobaini nzima. Nimempa jina la Galaksi, maana huyu hawezi kuomba hata chumvi bila kutaja galaksi. Watu wako kwenye foleni wanapiga miayo, yeye anapunga mikono. Mimi kwenye darubini, kama kawaida. Wao domo, mimi kazi.

Darubini yetu haina mota. Dunia inazunguka, sayari inateleza, baada ya nusu dakika hivi imeshatoka kwenye lenzi. Kwa hiyo kila mtu akiondoka naisukuma kidogo kwa kidole, Zohali inarudi katikati, ndipo aje mwingine. Leo mama mmoja mwenye mkoba mkubwa kajipenyeza kabla sijasukuma. Kainama. Jamani, nzuri! Hadi pete naziona!

Nimechungulia baada yake. Giza tupu! Hata nyota moja ya kusingizia hamna.

Nimecheka njia nzima hadi nyumbani.

Jumanne, 10 Julai

Baba katoka kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. La kulia bado zima. Kafurahi, maana la kulia ndilo la kazi – miaka thelathini anatengeneza saa kwa jicho hilo na kile kilenzi chake cheusi. Kasema mezani, huku anamega mkate: siku na hili likinidanganya, nafunga duka siku hiyohiyo. Siwezi kuharibu saa za watu. Mama kamwambia aache uchuro.

Kisha kaniuliza kama na yeye anaweza kuja kuziona hizo pete. Nimemwambia aje siku yoyote, nitamtoa kwenye foleni. Kakataa. Foleni ni foleni, eti.

Jumatano, 11 Julai

Galaksi kanishauri nitabasamu zaidi mbele ya wageni. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 13 Julai

Nilipanga kufanya jaribio. Nieleze vizuri.

Leo sikuisukuma darubini kabisa. Nikaiacha inatazama pengo, nikakaa pembeni na daftari na tochi yangu nyekundu, kila mtu mstari mmoja. Nilitaka kujua wa kwanza atakayesema ukweli ni wa ngapi. Wa kwanza: ajabu! Wa pili: inang'aa. Mwalimu mmoja wa sekondari kawaeleza wenzake rangi ya pete – rangi! Mwingine kamwambia mchumba wake inatisha. Nilikuwa nauma kola ya shati nisicheke. Nikawadharau wote, kwa raha kabisa. Mistari thelathini na moja.

Wa thelathini na mbili kainama muda mrefu. Halafu, kwa sauti ya chini: sioni kitu.

Nikasema moyoni, hatimaye! Nikainua kichwa. Baba.

Kaja bila kuniambia, kapanga foleni kama alivyosema. Kafikicha jicho la kulia, kainama tena. Sioni. Na Galaksi huyo hapo, mdomo mbele: "Mzee, hayo ni macho tu, usijali!" Watu wakacheka. Mbona sisi tumeiona? Hata mimi! Na pete zake! Thelathini na mmoja, wote mashahidi, dhidi ya mtu mmoja aliyesema kweli.

Kidole kimoja tu kingetosha. Nilikaa na daftari mapajani. Ningeisukuma, Galaksi angeuliza kwa nini ilikuwa imehama, na kwa nini muda wote huo. Baba kasema asiwacheleweshe watu. Kashuka ngazi anapapasa ukuta.

Ndipo nikaisukuma. Wa thelathini na tatu kaiona Zohali yenyewe, safi kabisa. Kauliza: kadogo hivi?

Jumamosi, 14 Julai

Baba kaamka mapema, kaleta nyumbani saa zote za dukani. Anazitia kwenye bahasha, kila moja na jina la mwenyewe. Zingine bado zimefunguliwa. Mama yuko jikoni, anaosha sufuria ambayo ni safi.

Nimejaribu. Nimemwambia, Baba, labda darubini ilikuwa imehama. Kacheka kidogo. "Usinifariji, mwanangu. Angekuwa ameishika yule mwenyekiti wenu ningeshuku. Lakini ulikuwa wewe. Kazi yako naijua."

Nimemsogezea bahasha nyingine. Mimi niliyemcheka mama wa watu na mkoba wake! Yeye alidanganya kwa aibu ya nusu dakika. Najichukia.

Nimemwambia basi arudi kwa daktari Jumatatu. Kasema daktari anapima kwa herufi kubwa za ukutani, yeye anashika skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga. Hataki mjadala.

Sasa kaniletea kipande cha boksi na kalamu nene, maana mwandiko wangu ni mzuri. Cha kubandika mlangoni mwa duka. FUNDI AMEACHA KAZI. NJOONI MCHUKUE SAA ZENU.

Nimeandika FUNDI. Niko chumbani, mlango nimeurudishia, boksi liko kitandani, naandika humu kwenye shajara badala ya kule kwenye boksi. Anapita ukumbini. Anauliza nimefika wapi.

Nimemjibu kalamu imeisha wino.

Haijaisha. Anasema anakuja na nyingine.