Ubao wa Jibini wa Zaituni

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeshona sare tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Mwanangu Zaituni kashuka jana kutoka Dar na jibini kwenye ndoo ya barafu. Jumamosi wakwe watarajiwa wanatoka Masasi, naye anataka kuwapokea kwa ubao wa jibini na matunda, kila mtu ajichukulie. Pilau baadaye. Nimesema sawa. Sijui kwa nini nimesema sawa.

Kaka Bakari ndiye mjomba wake. Asipokubali yeye, hakuna ndoa. Mchumba wa kwanza Kaka alimkataa kwa sababu kijana alikaa kabla ya kukaribishwa.

Jumatano, 6 Novemba

Ubao umeletwa kutoka Kitangari. Kipande cha mninga, ukingo haujarandwa, magome bado yapo. Nikauliza kama fundi alikimbia kazi. Kumbe ndiyo urembo wenyewe. Haya.

Ijumaa, 8 Novemba

Katikati ya pindo nikashtuka hadi sindano ikanichoma. Ubao mmoja! Mimi na mkwe tuchote mahali pamoja? Kwetu mkwe hagusi chakula alichogusa mama mkwe. Hata kutafuna hatafuni mbele yangu. Kaka akiona hilo atavaa viatu aondoke.

Nimemwambia Zaituni. Kacheka, kisha kalia. Tumegombana. Mwisho tumekubaliana: ubao utakuwepo, mimi sitausogelea. Nitanawisha wageni mikono, basi.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi tukapanga. Jibini pembetatu, embe, nanasi, korosho za kukaanga, mabibo ya mkorosho, mekundu na ya njano, pembezoni. Palipendeza mno, sitakataa.

Wageni wakaja, wakakaribishwa, wakakaa. Nikapita na birika na beseni. Kipande cha embe kilikuwa kinateleza kwenye ukingo. Mkono wangu huu, uliozoea kuweka vitu sawa, ukakirudisha. Kisha nikalamba kidole! Mbele ya watu wote.

Hamisi, mchumba mwenyewe, alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaurudisha mapajani. Akainamisha kichwa. Wenzake wakala, yeye hakula. Shangazi yake akamsukuma kiwiko: "Kula, baba, tangu Masasi hujatia kitu mdomoni."

"Nimeshiba, shangazi."

Kaka alikuwa anamwangalia. Mimi nilitamani ardhi inimeze na birika langu.

Kaka akaomba sahani safi. Akachagua mwenyewe upande ambao sikuugusa, nanasi, korosho, jibini, akampa Hamisi.

"Nenda barazani, mwanangu, ukale kwa raha. Dada yangu hatakuona."

Hamisi alipotoka, Kaka akawageukia wazee wa kijana. "Huyu kalelewa. Tuzungumze."

Nikaingia jikoni nikalia kama mtoto. Zaituni akanikumbatia, mikono yake yote jibini. Kaka naye akaonja jibini hilo, akauliza kama Dar wamekosa sabuni za kufulia hadi wakaanza kuzila. Watu wakacheka hadi pilau ilipoiva.

Jumapili, 10 Novemba

Nimelala hadi jua limepanda. Sijalala hivyo tangu wiki ianze.

Wageni walilala kwa jamaa zao. Hamisi kapita kuaga. Hakuingia ndani ya ua. Kapiga hodi, kageuzia uso barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nendeni salama."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nimebaki hapo hapo hadi pikipiki yake ikaacha kusikika. Zaituni ataolewa na mtu anayeniheshimu hata nisipomwona.