Kaka, Usilete Bodi, Leta Lenzi

Ghala la Nafaka la Ibrahim,
Soy, Eldoret.
Jumapili, 16 Juni 2024.

Mpendwa kaka Wasike,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Lusweti, na umkatie shemeji Cynthia nusu yake kabla hujaendelea kusoma. Mnaendeleaje huko Kanada? Lile goti lililokusumbua wakati wa barafu limetulia? Na Cynthia, bado wanampa zamu mbili kwa siku?

Sisi tuko wazima. Mama alikuja kutoka Chwele, akakaa siku nne, akailaumu baridi ya Soy siku zote nne, kisha akarudi nyumbani akiwa na nguvu kuliko alivyokuja. Mimi mgongo wangu ndio unaonigombeza. Magunia ya kilo tisini hayajali mtu amefikisha miaka mingapi. Lakini mvua ni nzuri na mahindi ya huku yananifika kifuani.

Utashangaa kupata barua ya mkono. Kioo cha simu yangu kimepasuka, kwa hiyo binti yako Diana ndiye hunisomea ujumbe. Kupiga simu nako ni shida, maana mimi naye tumetenganishwa na pazia tu. Na jambo hili sitaki alisikie kabla halijakufikia. Binti ya tajiri wangu Ibrahim anasafiri kuja huko mwisho wa mwezi. Amekubali kuibeba barua hii na kuitia posta akifika.

Jambo lenyewe ni hili. Diana aliniambia kwamba unakuja mwezi wa nane, na kwamba ulimuuliza akuagize nini kwa ajili ya kupiga picha za ndege, bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, au lenzi ndefu, kwa sababu vyote viwili huviwezi. Alikujibu bodi. Kaka, kama hujanunua, usinunue. Kama umenunua na duka linakubali kurudishiwa, rudisha. Leta lenzi. Mtoto wako alikupa jibu lisilo sawa, na kosa ni langu mimi.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana hujamwona kwa miaka saba. Ulituachia msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akiogopa ng'ombe. Sasa siku za kazi yuko studio moja mjini Eldoret, karibu na mtaa wa West Indies, akipiga picha za pasipoti na za watu waliovaa majoho ya mahafali. Jumatatu ndiyo siku yake ya kupumzika, na badala ya kulala anashuka kwenye kinamasi cha Mzee Kiprop. Mzee Kiprop ndiye mwenye nyumba tunayokaa, na shamba lake limeshikana na hicho kinamasi.

Mwezi wa kwanza nilimfuata kwa siri. Nitasema ukweli, nilidhani kuna kijana. Nilimkuta amelala kifudifudi kwenye nyasi mbichi, amejifunika gunia langu kuukuu, viwiko viko matopeni, jicho liko kwenye kamera. Kijana hakuna. Nilisimama nyuma yake mpaka miguu ikaniuma, naye hakutikisika. Mimi nimebeba mizigo tangu niache darasa la sita na kazi ngumu naijua nikiiona. Ile ilikuwa kazi ngumu.

Akasema bila kugeuka, "Baba mdogo, keti chini. Unawatisha."

"Umejuaje ni mimi?"

"Hicho kifua chako kinapumua kama lori la mahindi la kwenda Turbo."

Nikaketi. Mbele yetu walikuwa korongo wenye taji, saba. Kaka, nimeishi Soy miaka kumi na minne na ndege hawa nilikuwa nikiwaona kama ninavyoona nguzo za stima. Siku hiyo niliwatazama. Lile taji ni kama ufagio mdogo wa dhahabu. Shavu ni jeupe, na chini ya koo kuna kipande chekundu kama kidonda. Wawili waliinamiana, wakaruka juu mabawa wazi, wakashuka polepole kana kwamba hawana uzito. Diana alikuwa ananinong'onezea ni nani dume, nani jike, nani bado mdogo. Anawajua mmoja mmoja kama ninavyowajua wapagazi wenzangu.

Halafu akanionyesha picha kwenye kioo cha kamera. Nyasi nyingi na madoa ya kijivu. Lenzi yake inaishia milimita mia mbili na hamsini, na kwa ndege wa mbali hiyo ni sawa na kutazama mpira ukiwa nje ya ukuta wa uwanja. Ukiwasogelea wanaondoka. Alifunga kamera, hakulalamika, akasema atarudi Jumatatu nyingine. Alirudi Jumatatu nyingine, na nyingine tena. Iliniuma.

Sasa kosa langu. Pale ghalani, lori likishapakiwa, mahindi yaliyomwagika sakafuni huwa ni ya wapagazi. Tunafagia kwa zamu, kila mtu na siku yake. Ya zamu yangu yalikuwa ya kuku wa shemeji yako Betty. Tangu mwezi wa pili nikaanza kupitia kinamasini alfajiri nikienda kazini, na kuacha mkebe mmoja wa mahindi pale karibu na mahali Diana hulala. Sikumwambia mtu.

Wiki ya tatu korongo walikuwa wanatembea hadi hatua kumi kutoka kwake. Diana alirudi nyumbani siku hiyo mbio, kamera bado shingoni.

"Baba mdogo, wamenizoea. Wamenijia wenyewe."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Lakini uso wake, kaka, sikuwahi kuuona hivyo. Nikaendelea kuficha, tena nikaona raha kwamba nina mkono wangu ndani ya jambo zuri. Ile picha uliyosema umeibandika ukutani, ya jicho la korongo lililojaa karatasi nzima, hiyo imepigwa kwa mahindi yangu. Ndiyo sababu alikujibu bodi. Alidhani ndege watakuja karibu siku zote, kwa hiyo lenzi aliyo nayo inatosha.

Betty peke yake ndiye aliyeshuku.

"Hawa kuku siku hizi wanashiba kwa macho?"

"Ghalani hakumwagiki kitu," nikamwambia.

"Basi na kwenye sahani yako hakutamwagika kitu." Akanipakulia ugali wa mtoto.

Mwezi wa nne watu wakapanda. Korongo walikuwa wameshajua mahindi ni nini, wakayafuata shambani. Walitembea juu ya mstari mmoja mmoja, wanadona na kung'oa mbegu kama mtu anayefungua vifungo vya shati. Mzee Kiprop alifuata alama za buti langu lililokatika kisigino, kutoka kinamasini hadi mlangoni kwangu. Akaja ghalani, mbele ya wenzangu wote.

"Lusweti, wewe ni mfugaji?"

"Hapana, Mzee."

"Naona unafuga korongo zangu."

Nikatua gunia chini. Akaniambia polepole, hakupandisha sauti. Korongo ni ndege wa ukoo wao, yeye hawezi kumdhuru hata akimaliza shamba lote, na babu yake alikikataza hicho kinamasi kulimwa kwa sababu ya ndege huyo. "Lakini jirani yangu si wa ukoo wetu. Ameshanunua sumu ya kuloweka mbegu. Umewafundisha kula mahindi. Sasa wafundishe kuacha."

Wapagazi walicheka mpaka Ibrahim akatoka nje kuuliza nani ameanguka. Tangu siku hiyo mimi, niliyeishia darasa la sita, naitwa Mwalimu.

Jioni nilimwambia Diana yote. Aliuliza neno moja tu, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akafuta kamera, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Siku mbili alikuwa ananiwekea chai mezani na kurudi nyuma ya pazia. Siku ya tatu kabla ya mapambazuko aliniamsha. Alikuwa ameshika kipande cha bati na fimbo.

"Twende kazini, Mwalimu."

Hapo ndipo ungemwona mtoto wako. Alikwenda mwenyewe kwa yule jirani, mtu ambaye hata mimi humwogopa, akamwomba asitumie ile sumu mpaka mahindi yaote. Alimwambia kila shimo litakaloachwa tupu atalipanda kwa mkono wake. Yule bwana alimcheka, lakini sumu aliirudisha darini. Asubuhi kumi na tisa tulizunguka, mimi kwa Mzee, yeye kwa jirani, tukipiga bati kila korongo waliposhuka. Halafu mimi naenda kubeba magunia na yeye anaenda mjini kupiga picha akiwa na tope kwenye kucha. Mashimo tuliyapanda upya kwa vidole. Kamera haikutoka mkobani hata siku moja. Mahindi yalipoota na kukaza mizizi, korongo walirudi kinamasini kwa panzi na vyura wao. Hakufa hata mmoja. Mzee Kiprop alipita akiangalia mistari, hakunisemesha mimi, akamwambia yeye, "Mama, umefanya kazi." Kwa umri wa Diana, kuitwa hivyo na mzee yule si jambo dogo.

Sasa kuna sheria, na ni Diana aliyeiweka. Mtu haruhusiwi kupita nguzo ya mwisho ya boma la ng'ombe. Kutoka hapo ndipo atapigia picha. Na wale wawili waliokuwa wanainamiana wametaga katikati ya mafunjo, mbali kabisa. Mimi nakadiria hatua mia na thelathini.

Nilimuuliza kwa nini hakuandikii ubadilishe. Akasema, "Baba ataona ninageuka kila siku. Na ile picha ya ukutani nitamwambia ni nini?" Anasema atapokea bodi, atashukuru, atangoja. Unaona haya yake ilivyo. Kwa hiyo nimekwambia mimi. Usiibandue ile picha. Jicho ni la kweli na mkono uliopiga ni wa kweli. Udanganyifu ulikuwa wa mahindi.

Bodi nayo sikuidharau. Vijana wa studio wote wanaisifu. Ya Diana imezeeka. Ndege wakiruka, katika picha kumi anapata mbili safi, na asubuhi ya ukungu picha zinajaa chenga kama runinga mbovu. Lakini nilimtega kwa maswali tukiwa tunamenya viazi. Akasema bodi mpya kwenye lenzi fupi itampa doa safi sana, lakini litabaki doa. Lenzi ndefu kwenye bodi yake kuukuu itampa ndege. Siku nyingine atakuwa na chenga, lakini ni ndege, na yeye wa kungoja siku nzuri anajua kungoja. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Bodi inaweza kuja mwaka mwingine.

Ile lenzi anayoiangaliaga kwenye simu inafika mia sita. Uwe mwangalifu, lenzi ya kampuni moja haiingii kwenye kamera ya nyingine. Nimenakili jina na namba ya kamera yake nyuma ya picha iliyomo humu, herufi kwa herufi. Lenzi hiyo ina uzito wa kama kilo mbili, usiitie kwenye mizigo ya chini ya ndege, ishike mkononi. Stendi usihangaike nayo. Nimeshona kifuko cha kuegemezea lenzi juu ya nguzo, nikakijaza mchanga. Betty alikikagua kwanza kuhakikisha ni mchanga.

Betty anakusalimu, na anasema Cynthia asisahau ile sufuria. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Mzee Kiprop amesema ukija upite kwake unywe mursik, yale maziwa yao ya mgando, kabla hujaenda popote. Diana angekusalimu, lakini hajui naandika.

Hiyo picha niliyoitia humu aliipiga Jumatatu iliyopita kutoka kwenye nguzo. Utaona mafunjo na doa la kijivu, dogo kuliko punje. Chini ya hilo doa kuna vifaranga wawili, rangi ya chai ya maziwa, mmoja ana purukushani kuliko mwenzake. Mimi nimewaona kwa darubini ya Mzee. Wewe hutawaona, hata uisogeze kwenye taa. Ibandike pale ukutani kando ya lile jicho, uzitazame zote mbili asubuhi moja, kisha uende dukani. Ukifika mwezi wa nane watakuwa wanajaribu mabawa.

Mungu akulinde njiani, na akuonyeshe mtoto wako mkiwa wazima wote.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, nikupendaye bila kukatika,

Lusweti
(huku ghalani, Mwalimu)