Karai Chini ya Cherehani

Mama Moraa,

Leo ni Sabato, na najua ungenikemea kwa kushika kalamu badala ya kupumzika. Lakini kesho saa nane kikundi chetu cha mikopo kinakutana, na kabla ya hapo sina mtu mwingine wa kumwambia. Bado mimi ni katibu. Kiti chako cha mwenyekiti amekikalia Mama Brian, na anaongoza vizuri, sina ubaya naye.

Nianze na karai. Liko hapa chini ya cherehani yangu, limefunikwa kwa gunia, na bado linanuka mafuta ya samaki. Ni la Mama Akinyi, yule mama kutoka upande wa ziwa anayekaanga samaki kwenye kona ya kuteremkia ploti za chini. Alijiunga baada yako. Wengi walijiunga baada yako, na hilo ndilo ninalotaka kukueleza kwa utaratibu, kama ulivyonizoea.

Hatukuwa tumemaliza mwezi tangu tukuzike kule kwenu Nyamira, kikundi kikapata nafasi ya kukopa pesa kutoka nje ya kikundi ili tuwakopeshe watu wa ploti za chini hapa mjini. Wafua nguo, wauza parachichi, mafundi viatu. Watu wasio na shamba la kuweka rehani wala karatasi ya mshahara. Wewe ulililia jambo hilo miaka yote. "Hawa hukopeshwa unga tu," ulikuwa ukisema. "Nani atawakopesha mtaji?" Sasa wamekopeshwa, Mama. Tulikuwa kumi na wanne, leo tuko arobaini. Fundi viatu wa karibu na stendi ana kibanda cha mabati. Siku alipokipaka rangi nilikukumbuka mpaka nikashindwa kupita, nikasimama pale kama mtu aliyepotea.

Lakini arobaini si kumi na wanne. Wakati wako hakuna aliyekopa kabla ya wawili wetu kwenda kunywa chai nyumbani kwake. Nyumba zilipoongezeka, chai zikatushinda. Tena wengine walikuwa wanaona haya, chumba kimoja, mgeni atakaa wapi? Kwa hiyo nikatoa wazo la fomu. Ni mimi, hakuna mwingine. Niliipiga mistari kwa rula: jina, ploti, mdhamini, na vitu vya nyumbani ambavyo kikundi kinaweza kubeba mtu akishindwa kulipa. Walinipigia makofi. Nilijiona nimekurahisishia kazi hata huko uliko.

Kwa Mama Akinyi niliandika kitanda, godoro, redio. Yeye mwenyewe akanikumbusha: "Andika na karai, katibu. Ni jipya hilo." Alikuwa amelinunua kwa mkopo wa kwanza na alikuwa analionea fahari. Nikaandika.

Kisha akaugua. Malaria, halafu kifua. Wiki nne hakuleta kitu, na sheria yetu ni wiki nne. Jumatano tulikwenda tisa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, tukasimama mlangoni na matope yetu, mimi nikasoma orodha. Kitanda kilikuwa kimevunjika mguu. Redio alishaiuza kununua dawa. Kwenye godoro mtoto alikuwa amelala, hakuna aliyethubutu. Ndipo Mama Brian akasema, "Karai limo. Katibu, hebu soma tena." Nikasoma tena.

Mama Akinyi alimimina mafuta kwenye mtungi polepole, asimwage hata tone. Akalipangusa karai kwa kanga yake, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Chukua, dada," akasema. "Mimi nitakaangia kwenye sufuria ya uji, samaki mmoja leo, mkia wake kesho."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, Mama Moraa. Nimeandika haya yote ili nifike hapo. Nilicheka, nikiwa nimebeba kitu ambacho kingemlipia deni.

Hajakaanga tangu siku hiyo. Amemwambia jirani yake kwamba karai likiuzwa atarudi kwao. Na kesho linauzwa, mnunuzi ni mmoja wetu, ameshataja bei.

Jana nilifungua shajara zangu za zamani kutafuta ungefanya nini. Sikutafuta kwa muda mrefu. Nilikuta ule mwaka niliotoka Nyacheki kuja mjini, nikakopa kwenu kununua cherehani hii, nikashindwa kulipa wiki tano. Mlikuja wewe na Mama Brian. Nilikuwa nimeifunika kwa shuka la maua, kana kwamba shuka linaweza kuficha cherehani. Ulikunywa chai yako, kiwiko umekiegemeza juu ya cherehani. Mama Brian akauliza, "Na hiki kilichofunikwa ni nini?" Wewe ukapuliza chai. "Mimi naona shuka tu," ukasema. Mlipokuwa mnatoka ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba kitu kinacholipa deni hakibebwi.

Niliyaandika hayo jioni ileile, na tarehe juu, neno kwa neno. Lakini niliyaandika katika shajara yangu, kwa sababu ilikuwa aibu yangu. Nilipofanywa katibu sikuyaingiza kwenye kitabu cha kikundi. Mimi ninayeandika hata nani alichelewa dakika ngapi. Sheria yako nzuri kuliko zote ilibaki sandukuni mwangu, chini ya nguo, na ulipozikwa wale arobaini hawakujua iliwahi kuwapo.

Naogopa kesho. Nikiusoma ule ukurasa, watajua kwamba katibu aliyesoma orodha mlangoni kwa mwenzake, yeye mwenyewe alifichiwa. Watasema Mkisii kama mimi alifunikiwa na mama wa ziwani akabebewa. Nitawajibu nini? Ni kweli. Na tena kuna swali ambalo sijui ungelijibuje: zile pesa za nje sote tumezidhamini. Tukiacha makarai, nani atalipa? Tulipokuwa kumi na wanne uliweza kufumba jicho. Arobaini wanahitaji macho. Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi, hata mahubiri sikuyasikia.

Ila najua nitakalofanya, na nakuahidi wewe kwanza. Nitausoma ukurasa wote, na wiki zangu tano zimo. Nitaomba vitu vya kazi vifutwe kwenye kila fomu. Mama Akinyi nitamdhamini mimi, kwa jina langu na kwa cherehani hii, iandikwe mbele yao. Wakikataa, nitalinunua karai kwa bei ileile na kulirudisha kwenye kona yake. Na kuanzia Jumatatu nitarudia zile chai, nyumba kwa nyumba, mbili kwa wiki hata kama itachukua miezi. Pasipo na kiti nitakunywa nimesimama.

Moraa alipita juzi, hajambo. Anasema migomba uliyoipanda upande wa chini imezaa, na kaburi lako limeota majani mazuri. Nitakuja kulipalilia shule zikifungwa.

Jua linatua sasa. Gunia nimeliondoa. Lile shuka la maua bado ninalo, limechakaa pembeni, na karai nimelifunika kwalo. Kesho nitaliweka hivyo hivyo mezani, mbele ya Mama Brian, kisha nimuulize anaona nini.

Lala salama, Mama.

Katibu wako,
Kwamboka