Jina Lililokuwa Kwenye Kompyuta

Jeddah, Machi 2, 2025

Mwanangu Griffins,

Nimeamka na uhai, Bwana asifiwe. Kikohozi chako je? Hapo getini unapolinda, mtaa wa Olaya, wamekupa kiti ama bado unasimama? Hiyo kazi ya kompyuta unayofanya bure inanikosesha raha. Ni ya nani? Umewaona hao watu kwa macho? Nieleze polepole, unajua niliachia darasa la nne.

Ni mimi mama yako

Riyadh, Machi 4

Mama mpenzi,

Kikohozi halas, kimeisha, kiti nimepewa. Hiyo ni programu huria, mtu yeyote anaruhusiwa kuitengeneza. Inasafirisha ujumbe mfululizo, kama maji kwa mfereji. Anayepokea lazima aseme amepata, la sivyo anatumiwa tena. Nimegundua kasoro: mpokeaji akizimika ghafla, ule ujumbe ambao hajaujibu unapotea kabisa. Nimeanza kuirekebisha kwa kompyuta kuukuu ya Japheth, injinia wa ghorofa ya nne, mtu wa kwetu. Kazi yangu ikikubaliwa, jina langu litabaki hapo, na wanaotafuta mafundi huangalia hapo. Nitatoka getini, mama.

Mwanao

Riyadh, Machi 27

Mama, shikamoo. Niko mzima, lakini roho imeingia doa. Kazi imekubaliwa. Kumbe kompyuta ilikuwa bado na jina la Japheth ndani, sikujua kulibadilisha, kwa hivyo kila nilichotuma kimeandikwa ni chake. Nilimwomba awaambie wasimamizi wa programu ukweli. Akacheka: "Wewe soja, nani atakuamini?" Wamempongeza, naye akajibu asanteni! Niwaandikie? Anakula meza moja na bosi wangu.

Mwanao

Jeddah, Machi 28

Griffins mwanangu,

Umelala kweli? Umekula? Ptuu! Huyo Japheth ananuka kuliko samaki wa juzi. Na mimi nilikuwa namwombea! Lakini nyamaza, baba. Ikama yako, kibali chako cha kuishi huko, iko mikononi mwao. Mimi hapa jikoni kwa madam nimenyamaza miaka miwili na sijafa.

Mama yako

Jeddah, Aprili 5

Griffins,

Uko mzima? Nimekuandikia, hujasema umepata. Natuma tena, kama hiyo programu yako.

Jana madam alikuwa na wageni wa Idi. Wakala mandazi yangu ya iliki, wakalamba vidole. Madam akasema, "Nimeyapika mwenyewe." Mwanamke ambaye hajui unga unakaa wapi! Halafu nikakumbuka nilivyokwambia wewe unyamaze, nikajichukia mimi zaidi yake.

Ile meseji yako ya Machi 4 bado iko kwa simu yangu, na tarehe yake. Kasoro umeieleza yote kabla ya huyo mwizi kupongezwa. Emmah wa jirani amenisaidia kuipiga picha, hii hapa. Watumie wanaosimamia hiyo programu. Ukifukuzwa, tutalia tukiwa wasafi.

Mama yako

Riyadh, Aprili 11

Mama,

Nimepata. Nimewatumia. Wakamwuliza Japheth aeleze alivyogundua kasoro, akashindwa. Jina limebadilishwa. Kompyuta ameninyang'anya, salamu haitiki, ila getini bado niko. Na mandazi je, uliacha tu hivyo?

Mwanao

Jeddah, Aprili 12

Mwanangu,

Nimepata, na nimelia hadi Emmah akagonga mlango.

Sikuacha. Wageni walirudi juzi, madam akaanza tena. Nikaweka sinia chini, nikasema, "Haya nimeyapika mimi." Bibi mmoja mzee akaniuliza jina langu. Tangu niingie nyumba hii, hakuna aliyewahi kuniuliza. Madam hanisemeshi mpaka leo. Vizuri, masikio yamepumzika.

Kunywa maji, jua la Riyadh ni kali.

Mama yako, Sellah